Traka: Muziki Ulioandikwa kwa Mistari na Tarakimu

Mwaka 1987 Mjerumani Karsten Obarski alitoa programu iliyoitwa Ultimate Soundtracker, aliyoitunga kwa ajili ya kompyuta ya Commodore Amiga, na kutokana nayo ukazaliwa ukoo mzima wa programu za kutungia muziki zinazojulikana kama traka. Chipu ya sauti ya kompyuta hiyo, iliyopewa jina la Paula, iliweza kupiga sauti nne tu kwa wakati mmoja, na umbo la traka lilitokana moja kwa moja na kikomo hicho: skrini iligawanywa katika safu wima nne, kila moja ikiwa njia ya sauti moja, na noti ziliandikwa kwa herufi na tarakimu katika mistari iliyosomwa kutoka juu kwenda chini. Mistari 64 ilifanya paterni moja, yaani kipande cha wimbo ambacho mtunzi angeweza kukirudia au kukipanga upya bila kukiandika tena.

Ala zenyewe zilikuwa sampuli, yaani vipande vifupi vya sauti halisi vilivyorekodiwa, ambavyo kompyuta ilivipiga haraka zaidi ili kupandisha sauti, au polepole zaidi ili kuishusha. Pembeni mwa kila noti palikuwa na nafasi ya amri, na hapo ndipo ubunifu wa watunzi ulipodhihirika zaidi. Amri ya 047, kwa mfano, huiagiza programu ipige noti ya msingi, kisha ile iliyo nusutoni nne juu yake, kisha ile ya nusutoni saba, na kuzirudia kwa kasi kubwa kiasi kwamba sikio hupokea kodi kamili, yaani noti kadhaa zinazosikika kwa pamoja, ingawa ni njia moja tu iliyotumika. Mlio huo wa kutetemeka, uliobuniwa kwa sababu ya uhaba wa njia, umebaki kuwa alama ya muziki huu hata pale uhaba ulipokwisha.

Hata hivyo, jambo lililoifanya traka kuwa mwalimu bora wa wanaoanza ni faili lake, linaloitwa MOD, kwa kuwa lilibeba kwa pamoja noti, amri na sampuli zote. Aliyepokea wimbo wa mwenzake kwenye diski hakuusikiliza tu. Aliufungua, akaona kila noti ilipowekwa, akabadilisha amri moja na kusikia tofauti yake papo hapo. Ni nadra kwa sanaa kumfungulia mgeni karakana yake kiasi hicho, na vijana wengi wa Ulaya ambao hawakuwahi kusoma nota walijifunza utunzi kwa njia hiyo.

Programu yenyewe ilifumuliwa na kuboreshwa na wengine. NoiseTracker ya mwaka 1989, kazi ya Waswidi, iliruhusu sampuli 31, badala ya 15 za programu ya awali. Baadaye FastTracker 2 kutoka Uswidi na Impulse Tracker ya Mwaustralia Jeffrey Lim ziliuhamishia utamaduni huo kwenye kompyuta za PC, zikiwa na njia nyingi zaidi, na mwaka 1998 mchezo wa kompyuta wa Unreal ulitumia muziki wa aina hiyo. Leo traka za OpenMPT na MilkyTracker hupatikana bure, na zote mbili hufungua mafaili ya MOD ya miaka ya 1980, noti na amri zake zikiwa wazi kwa anayetaka kujifunza.