Bima ya dereva wa lori siku asiyokuwa kazini

Kati ya madereva wanaobeba makaa ya mawe ya Ngaka na kahawa ya Mbinga wapo wasio na mwajiri: mwenye Fuso lake mwenyewe, na deiwaka anayelipwa kwa safari. Mzigo ukishashushwa, akipata ajali nani analipa?

Marekani, dereva aliyekodisha lori lake kwa kampuni hulindwa na bima ya kampuni anapobeba mzigo wao, na huhitaji bima nyingine kwa safari zake binafsi. Kwetu bima haiangalii saa za kazi. Inafuata gari, na matumizi yaliyoandikwa kwenye mkataba. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka gari liwe walau na bima ya mtu wa tatu, ile bima ndogo. Lori tupu linalorudi Lundo jioni likimgonga mpita njia, bima hiyo inahusika. Mguu wa dereva uliovunjika haumo, wala bodi iliyopinda. Bima kubwa huongeza lori. Mwili wa dereva huingia tu kama umetajwa.

Penye hatari zaidi ni msibani. Jumapili ndugu wanaomba lori liwapeleke Liuli kuzika, na kukataa ni vigumu. Lakini lori lililokatiwa bima ya mizigo halikukatiwa ya abiria. Likipinduka, kampuni inaweza kukataa dai, na majeruhi wakamgeukia mwenye lori. Hali ni hiyo hiyo ukimwachia usukani utingo asiye na leseni ya daraja hilo.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008, hufidia mfanyakazi aliyeumia kwa sababu ya kazi. Asiye na mwajiri hana wa kumchangia.

Kwa hiyo ulizia bima ya ajali binafsi, na uulize mapema: inanilinda saa 24 au nikiwa safarini tu? Jibu liwe kwenye karatasi, si la mdomo. Nyingine hulipa kifo na ulemavu wa kudumu pekee. Matibabu ya kawaida yanataka bima ya afya.

Stika yako ihakiki kwa simu kwenye mfumo wa TIRA MIS, kwa namba ya gari. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Utazihitaji ukienda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.