Spitfire ya Airfix

Spitfire ya Airfix ni modeli ya plastiki ya kuunganisha ya ndege ya kivita ya Uingereza, iliyotolewa katika miaka ya 1950 kwa skeli ya 1:72. Ndiyo modeli ya kwanza ya ndege iliyotolewa na kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove.

Modeli za enzi hizo huwa na vipande visivyokutana vizuri, mistari ya mabati iliyoinuka na chumba cha rubani karibu kitupu. Ustadi wa fundi huonekana hapo hasa. Mianya huzibwa kwa puti na kupigwa msasa, mistari huchongwa upya kwa sindano, na kiti, mikanda na dashibodi huundwa kwa vipande vya plastiki. Stika za maji zilizogeuka manjano huanikwa dirishani, nyuma ya kioo, hadi jua lizifanye nyeupe tena.