Mpishi wa Shamba la Ngong

Wageni wengi wanaozuru makumbusho ya Karen Blixen jijini Nairobi huona wameshiba wakifika sebuleni. Jiko liko nyuma, jengo la peke yake, kama ilivyokuwa desturi ya masetla: moshi ukae mbali na wenye nyumba. Ndani pana jiko la chuma la kuni na masufuria. Mimi nilianzia huko, kwa sababu namtafuta Kamante Gatura, aliyekuwa mpishi wa nyumba hii.

Njia yake inaanzia malishoni. Alikuwa mtoto wa Kikuyu, mchunga mbuzi, miguu imejaa vidonda. Dawa za Blixen, bibi mwenye shamba la kahawa, ziliposhindwa, akapelekwa hospitali ya misheni ya Waskoti huko Kikuyu, maili 12 kwa hesabu ya bibi huyo. Leo unapitia Dagoretti hadi Thogoto, na hospitali ingalipo. Alilazwa miezi mitatu, akarudi Mkristo aliyepona. Akawekwa kuwatunza mbwa, kisha akawa toto wa jikoni, na Esa, mpishi mkuu, alipofariki, jiko likawa lake.

Kusoma hakujua. Mapishi aliyaingiza kichwani kwa kuyasikia, na kila mchuzi akaupa jina la tukio la siku aliyofundishwa: huu wa radi iliyopiga mti, ule wa farasi wa kijivu aliyekufa. Blixen aliona ajabu. Sisi tunaojua kwamba Wakikuyu waliliita rika zima Mutung'u kwa ajili ya ndui hatuna la kushangaa. Kamante alikuwa na kalenda ya kwao, akaitia jikoni. Mashine ya kupigia mayai aliidharau. Ute aliupiga kwa kisu cha kupalilia bustani, nao ukaumuka ukasimama.

Mwaka 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza alikula shambani hapo, akaisifu sosi ya Cumberland iliyoandamana na nyama ya nguruwe. Sifa alipewa mwenye nyumba, naye akazifikisha jikoni. Miezi mingi baadaye Kamante aliuliza ghafla kama yule mwana wa sultani aliupenda mchuzi wa nguruwe, na kama aliumaliza. Kwa mpishi wa nyumba ya mtu, sahani iliyorudi tupu ndiyo cheti, lakini haionyeshwi kwa mwajiri mwingine.

Vyakula hivyo mwenyewe hakuvipenda. Mara mojamoja alimletea bibi kiazi kitamu cha kuchoma, tunu ya kwao. Katika kitabu chake cha 1937 Blixen alikifananisha kitendo hicho na mbwa anayemwekea bwana wake mfupa. Hapo ndipo kitabu, pamoja na uzuri wake wote, kinaponiudhi: mtu aliyejifunza kukulisha chakula chako amekukaribisha kwenye chake, nawe unaona mbwa!

Mwaka 1931 shamba la kahawa lilikuwa limeshindwa, na Blixen akarejea Denmark. Kamante hakupata kwa urahisi meza nyingine. Ustadi wote huo ulikuwa umefungwa kwenye nyumba moja, na nyumba ilipovunjika mpishi alibaki na kipande tu, karatasi ambayo mwajiri ndiye aliyeandika ndani yake. Alimtumia Blixen barua kwa mikono ya waandishi wa kulipwa.

Jina lake mwenyewe lilikaa kwenye jalada la kitabu mwaka 1975, pale Mmarekani Peter Beard alipochapisha masimulizi na michoro ya mpishi huyo. Kamante alifariki 1985, mwaka uleule Hollywood ilipoitoa filamu ya shamba hilo.

Kamante alibahatika kuandikwa. Wapishi wengine wa Muthaiga, Nakuru, Arusha na Tanga hawakuandikwa, na watoto wao sasa ni wazee. Kama babu yako alimpikia Mzungu, Mhindi au mkuu wa wilaya, wiki hii muulize mama yako babu alipika nini, alifundishwa na nani na alilipwa kiasi gani. Barua zake za sifa, kama zipo sandukuni, zipige picha.