Waya wa Ardhi Juu ya Mawe ya Volkano

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, umekaa juu ya mawe ambayo zamani yalikuwa uji wa moto wa volkano ya Nyiragongo, na kwa sababu hiyo mafundi wake wa umeme wamekabiliwa na mtihani usiowapata aghalabu wenzao wa pwani: kwamba ardhi, ambayo kwingineko huupokea umeme uliovuja na kuutuliza, hapa huukataa, kwa kuwa mwamba mkavu wa volkano haupitishi umeme ila kwa shida kubwa.

Hatari ya umeme uvujao ni ya tangu kale. Katika zama za utawala wa Wabelgiji redio nyingi zilikuwa za vali, chombo kilichoanzishwa na John Ambrose Fleming mwaka 1904, kisha Lee de Forest akakiongezea uwezo mwaka 1906. Mahali pasipo umeme ziliendeshwa kwa betri kavu, mfano wa zile zilizoitwa Saucepan Special, zilizouzwa Rhodesia ya Kaskazini tangu mwaka 1949. Lakini umeme wa mto Ruzizi ulipoanza kuzalishwa huko Bukavu mwishoni mwa miaka ya 1950, eneo la Kivu, ulimo mji wa Goma, nalo liliingia katika zama za redio za kuchomeka ukutani. Miongoni mwa redio za bei rahisi zilizotoka Ulaya zilikuwamo zisizo na transfoma, ambazo fremu yake ya chuma iliunganishwa na waya mmoja wa umeme, hata plagi ikichomekwa kinyume, aliyeigusa fremu ile aliweza kufa papo hapo.

Hatari hiyo haikuzikwa pamoja na redio zile. Fundi wa leo ajaribuye amplifaya ya vali huhitaji pawa saplai ya mezani itoayo volti 300 au zaidi, na wengi hudhani kwamba nondo ya shaba iliyopigiliwa nje ya nyumba yatosha kuwalinda. Na tuhesabu: nondo ikiwa na ukinzani wa omu 100, umeme wa volti 220 ukavujia kwenye sanduku, mkondo hauzidi ampea 2.2, fyuzi ya ampea 10 haitakatika, na sanduku litabaki na umeme wa kuua.

Kwa hiyo hadhari huanzia ndani ya sanduku lenyewe: rangi ikwanguliwe mpaka chuma kionekane, waya wa ardhi ufungwe kwa bolti yake peke yake, nao uachwe mrefu kuliko wenzake ili kebo ikivutwa uwe wa mwisho kung'oka. Kisha iwekwe swichi ikatayo umeme uvujapo miliampea 30, na rezista ya kuondoa umeme wa kapasita, ambazo hubaki na umeme hata baada ya kifaa kuzimwa. Nje, waya mtupu wa shaba ulazwe kwa urefu katika mtaro wenye udongo wenye unyevu.

Nyiragongo ililipuka tarehe 10 Januari 1977, ikalipuka tena tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na tena tarehe 22 Mei 2021. Nyumba nyingi zimejengwa upya juu ya mwamba mpya, na waya za ardhi za kale zimezikwa chini yake. Basi, ewe fundi, usiirithi ardhi ya mwenzio kwa kuamini tu: ukinzani wake hupimwa, haukisiwi.