Doa la damu mbele ya kamera

Februari 2011, mahakama ya kijeshi ilifunga safari hadi Baraka, mji wa Kivu Kusini, Kongo, ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Uvira. Mshtakiwa mkuu alikuwa Luteni Kanali Kibibi Mutware, pamoja na askari wake, kwa ubakaji uliotokea Fizi siku ya mwaka mpya. Akina mama 49 walitoa ushahidi. Tarehe 21 mwezi huohuo Kibibi akapigwa miaka 20.

Uzito wa kesi ile ulibebwa na sauti za akina mama. Sayansi ya damu ilikuwa mbali, ingawa yenyewe si ngeni. Mwaka 1901 Mjerumani Paul Uhlenhuth alionyesha jinsi ya kutofautisha damu ya mtu na ya mnyama. Mwaka 1937 mwenzake, Walter Specht, akatangaza matumizi ya luminoli katika upelelezi: ukiinyunyiza gizani, mahali palipomwagika damu pananururika kwa rangi ya buluu, hata kama pamefutwa.

Ila luminoli hudanganyika. Huwaka ikikuta kutu, na huwaka ikikuta klorini. Sasa fikiria Uvira, mji ambao kipindupindu hakiuachi na klorini inatiwa kwenye maji ya kunywa: sakafu iliyopigwa deki kwa maji yenye klorini nyingi inaweza kumtia mpelelezi njia panda. Tena dawa yenyewe ni ya maji, na doa dogo likilowa linatawanyika.

Ndipo kamera ilipopata kazi yake. Chembe nyekundu za damu zina hemoglobini, nayo hufyonza sana mwanga wa zambarau, wa nanomita 415 hivi. Doa likimulikwa kwa mwanga huo, kwenye picha linatokea jeusi kuliko linavyoonekana kwa macho. Kwenye nguo nyeusi hutumika mwanga wa infraredi. Chukua kitenge cheusi ambacho jicho halioni kitu juu yake: mbele ya kamera ya infraredi, rangi nyingi za kiwandani hufifia, kitambaa kinakuwa cheupe-cheupe, na damu inabaki nyeusi. Hakuna aliyekigusa. Doa liko vilevile, tayari kupelekwa maabara kupimwa DNA. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa, kuliko huo mwanga wa buluu unaopendwa na filamu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teesside, Uingereza, wamekwenda mbele zaidi. Kamera yao husoma mawimbi mengi ya mwanga katika kila nukta ya picha, na kwa kuwa hemoglobini hubadilika kadiri doa linavyogeuka kutoka wekundu kwenda hudhurungi, wanakadiria hata umri wa doa. Hata hivyo picha hutoa dalili tu, na maabara ndiyo huthibitisha.

Mitambo hiyo ni ghali. Katika kesi za Kivu Kusini, kamera iliyofika mahakamani ni ya simu. Mwaka 2015 Chama cha Kimataifa cha Wanasheria kilizindua programu iitwayo eyeWitness. Mpelelezi akipiga picha, programu inanasa saa na mahali kwa GPS na minara ya simu, bila kutegemea saa ambayo mwenye simu ameiweka, kisha inaipa picha alama ya tarakimu. Ukibadilisha hata nukta moja, alama haitalingana.

Septemba 2018 picha hizo ziliwekwa mbele ya majaji wa kijeshi Bukavu. Makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR walishtakiwa kwa mauaji ya mwaka 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje, Kalehe. Walifungwa maisha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa picha za programu hiyo kutumika katika kesi iliyofikia hukumu.

Zilionyesha makaburi ya pamoja na majeraha ya walionusurika. Damu isingeweza kuwamo: programu ilizaliwa miaka mitatu baada ya mauaji. Kwa mauaji ya Makobola, jirani na Uvira, pengo la miaka ni kubwa zaidi. Zaidi ya watu 800 waliuawa huko na katika vijiji vya karibu kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, na ripoti ya Umoja wa Mataifa iitwayo Mapping, iliyoyaandika mauaji hayo, ilitoka 2010. Wachunguzi wake walitaka vyanzo viwili visivyotegemeana kwa kila tukio, na baadhi vilikuwa watu waliosimulia walichokiona.