Waendesha rada wa WAAF

Waendesha rada wa WAAF walikuwa wanawake wa kikosi saidizi cha Jeshi la Anga la Uingereza, kilichoundwa tarehe 28 Juni 1939. Walihudumu katika Chain Home, msururu wa vituo vya rada uliolinda pwani za mashariki na kusini. Mwendeshaji alikaa gizani akikodolea macho kioo chenye mstari wa mwanga. Ndege ilipotokea, mstari ulichomoza ncha. Alikadiria umbali na idadi ya ndege, na taarifa ikapelekwa kwa simu Bentley Priory, makao makuu ya kamandi ya ndege za kivita. Mabomu ya Wajerumani yalipoangukia kituo cha Poling tarehe 18 Agosti 1940, Koplo Avis Hearn hakubanduka kwenye simu yake. Alitunukiwa Nishani ya Kijeshi.