Gari Linalala, Gari Linayumba

Fundi mzuri wa gereji za Unga Limited, Arusha, haanzi kwa kutafuta kifaa kilichokufa. Anauliza gari linafanya nini. "Mzee, inalala kwenye kona, au inayumba hata ukinyoosha?" Dereva aliyerudi Serengeti na watalii hujibu bila kusita, kwa kuwa kwake maneno hayo hayachanganyiki. Kulala ni bodi kuinamia upande wa nje wakati gari likikata kona. Kuyumba ni kupepesuka kulia na kushoto kwenye barabara iliyonyooka. La kwanza humpeleka fundi kwenye springi na stabilaiza. La pili kwenye bushi, tairodi na usukani.

Majina ya vifaa tumeyakopa. Hata kamani, neno ambalo kamusi zetu zinalo kwa maana ya springi, asili yake ni Kiajemi, kamān, yaani upinde. Nalipenda mno. Ukichungulia nyuma, chini ya Land Cruiser ya safari, utayaona mabamba ya chuma yamepindwa upinde hasa. Lakini gerejini watu husema springi, na sioni sababu ya kumsumbua fundi. Vifaa vilishuka bandarini na majina yake. Mwendo wa gari haukuletewa jina. Tuliutazama wenyewe, tukauita kwa vitenzi tulivyokuwa navyo, na hapo ndipo Kiswahili kilipotunga istilahi bila kikao.

Tazama kunesa na kudunda. Gari likivuka tuta, springi hubonyea na kurudi. Likishuka laini kisha likatulia, limenesa. Likiendelea kurukaruka kama mpira, linadunda, na hapo shokapu imekwisha. Shokapu haibebi gari. Mbebaji ni springi. Shokapu huumeza mtikisiko kwa kuisukuma oili ipenye vitundu vidogo, nguvu ya mtikisiko ikageuka joto. Baada ya lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, barabara ya vumbi kuelekea Serengeti ina mawimbi madogo yanayofuatana, na kila wimbi linaongeza joto. Oili ikichemka sana shokapu hulegea. Madereva husema imechoka, na wamesema kweli, kwani ikipoa hupata tena nguvu. Kuchoka si kufa. Fundi asiyetofautisha hayo mawili atakuuzia kifaa usichokihitaji.

Sasa njoo kwenye kona. Gari la watalii hurefushwa, hutobolewa paa, huongezwa viti na tangi, kisha huinuliwa lisikwame kwenye tope. Uzito umepanda juu, kwa hiyo linalala zaidi. Mwenye gari anataka springi ngumu, basi. Lakini springi ngumu ikiachiwa shokapu ya zamani, kulala hupungua na kudunda huongezeka, kwa sababu shokapu ile haikutengenezwa kuzuia msukumo mkubwa hivyo. Viwili hivyo hubadilishwa pamoja.

Stabilaiza nene nayo ina yake. Ni fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Gari likitaka kulala, fimbo inasokotwa, nayo inapinga. Kwenye lami inayopanda ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, utaishukuru. Kwenye njia za mawe za Momella, chini ya Mlima Meru, fimbo hiyo hiyo hulipelekea gurudumu la pili pigo lililolipata la kwanza, na abiria hurushwa huku na huku.

Ndiyo maana nadhani neno zuri kuliko yote ni kutulia. "Imetulia," anasema dereva, akimaanisha kwamba gari halilali kupita kiasi, halidundi, haliyumbi, na usukani unatii. Gari linaweza kuwa gumu bila kutulia; wengi wamelipia ugumu wakidhani wamenunua utulivu.

Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa mwaka 1967, limesanifu istilahi za fani nyingi. Kwa fani hii ningeomba vitenzi vya gereji viingizwe kama vilivyo, na maana zake za kifundi. Kulala kusibadilishwe kuwa mlalo, kwa sababu mlalo tayari ni mstari ulio sambamba na upeo wa macho, na gari linalolala kwenye kona limeuacha mstari huo. Kitenzi-jina kinatosha: kulala kwa digrii tatu, kulala kwa digrii tano. Fundi ataelewa, na mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA ataweza kuandika hivyo kwenye mtihani.